Mikono Ndani ya Tangi

Wifi yangu Warigia hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Nalisema mapema, asije mtu akadhani namsifu kwa sababu amekufa. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, na ukimtembelea alikupa chai kwanza, salamu ukazipata baadaye kama zingebaki. Lakini kwa jambo moja hakuna mwanamke wa kijiji chetu cha Wamagana aliyemfikia, nalo ni vibuyu.

Kibuyu chake cha maziwa alikisugua kwa kaa la mti, akakifukiza, kisha akakipaka nta ya nyuki aliyoiyeyusha pamoja na mafuta ya mbarika. Ukimimina maziwa yalitoka yote, hata tone la kumpa paka halikubaki. Vyetu sisi wengine vilishika ukoko na kuanza kunuka kabla ya juma kwisha. Siku moja alichungulia changu, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Wacera, uchafu haukuji kwa sababu wewe ni mchafu," aliniambia. "Unakuja kwa sababu umeupatia mahali pa kukaa."

Nilikasirika siku mbili, halafu nikaenda kumwomba nta.

Mumewe, Theuri, ndiye kaka yangu. Alikuwa fundi wa mawe na mfugaji wa nyuki, mtu mpole aliyependa kuchunguza vitu mpaka chakula kikapoa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, kwa kuwa kile cha mwisho kilibaki katika mashine ya kumenya kahawa alipokuwa kijana. Tulipochanga nguvu zetu kwa Harambee mwaka 1968 tulete maji kutoka mto wa msituni, yeye ndiye aliyejenga tangi.

Tangi hilo limezikwa ardhini juu ya kilima chetu. Lina vyumba viwili, na ukuta wa katikati wenye upenyo wa mtu kupita kwa kuinama. Mlango ni shimo moja juu, lenye kifuniko cha chuma. Bomba la kumwagia maji yanapozidi linatokeza chini kabisa, kando ya njia, hatua sitini hivi kutoka kwenye shimo. Ndani hamna vipandio. Ngazi ilikuwa moja tu, ya mbao, mali ya kamati, nayo ilikaa kwa mweka hazina ili watoto wasiingie humo kucheza.

Mweka hazina alikuwa Mzee Hezekiah. Alikuwa pia mzee wa kanisa, ndugu wa uamsho, mtu wa kusimama kila Jumapili na kushuhudia. Tena mali ya umma haikulala nje yeye akiwa hai. Jembe, kamba, karai la saruji, akikiona kimeachwa alikibeba begani mpaka kwake huku akinung'unika. Tulimcheka kwa hilo, na kwa hilohilo tulimwamini.

Mwaka wa nne maji yalianza kutoka na nyuzi za kijani. Yalinuka matope. Ndani ya tangi ute ulikuwa umeota ukutani, mzito, wenye manyoya, na wavu wa chujio ukawa unaziba kila mwezi. Kamati ikamwita fundi wa rangi kutoka mjini. Akaja na mikebe ya rangi nyekundu, akaahidi kwamba ute hautagusa ukuta kwa miaka mitano.

"Kwa nini hautagusa?" Theuri aliuliza.

"Hii dawa inaua kila kitu, mzee."

"Na sisi wenye kunywa je?"

Fundi alicheka, na kamati ikacheka naye. Theuri hakucheka. Alifinyanga vipande vitatu vya saruji. Kimoja hakukipaka kitu, kimoja alikipaka rangi ya fundi, na cha tatu alikipaka nta na mafuta ya mbarika kama kibuyu cha mkewe. Akavitumbukiza katika mfereji, kila kimoja kwenye kidimbwi chake. Miezi mitatu baadaye alituita tutazame. Kile kitupu kilikuwa kama mgongo wa chura. Cha rangi kilikuwa safi, lakini viluwiluwi wote wa kidimbwi kile walielea matumbo juu. Cha nta kilikuwa na ute kidogo. Theuri alikimwagia kikombe kimoja cha maji, ute wote ukateleza ukaenda zake.

"Nta haimfukuzi mgeni," alisema. "Inamnyima kiti."

Alipowaeleza kamati, Hezekiah alimwuliza kama anataka wapake tangi la watu mia tatu kwa dawa ya kibuyu cha bibi. Kitu cha mkebe wenye maandishi kilikuwa na heshima zamani hizo, na bado kinayo. Theuri alirudi nyumbani amenuna, akanuna mwezi mzima. Watu waliona. Kununa huko ndiko kulikokuja kumponza.

Ijumaa moja ya Aprili 1973, fundi wa rangi alikuja kupima kuta. Koki ilifungwa, tangi likatolewa maji, kuta zikakwanguliwa ute. Mchana Theuri alimuaga mkewe, akasema anakwenda Mukurweini kutafuta mizinga na atarudi Jumatatu. Alibeba mkebe wa nta, na Warigia hakuuliza wa nini.

Jumapili tulikuwa kanisani. Hezekiah alisimama kushuhudia, uso unang'aa.

"Ndugu zangu, juzi jioni nikienda nyumbani kwa ukungu, shetani ameniita kwa jina langu! Kutoka chini ya mchanga! 'Hezekiah, Hezekiah,' ati kama mtu. Nikamkemea kwa jina la Yesu. Mara ya kwanza hakusikia. Nikamkemea mara ya pili. Akanyamaza."

Kanisa zima lilipiga makofi. Mimi nilipiga. Warigia, kando yangu, alipiga pia.

Jumatatu mabomba yalianza kutoa maji kwa kudondoka. Kamati ilifungua kifuniko, ikamkuta Theuri kwenye chujio. Tulikuwa tumekunywa maji hayo siku mbili.

Sipendi kukumbuka maneno ya siku ile, ila bila hayo hutaelewa. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, wakasema alikivuta mwenyewe alipojitupa. Ngazi ilikuwa kwa Hezekiah, mahali pake. Mkebe wa nta ulikuwa humo ndani, wakasema mwenye wazimu hubeba chochote. Kisha Hezekiah akatamka sentensi iliyomaliza kila kitu:

"Mtu haingii kwa shimo bila ngazi, isipokuwa hataki kutoka."

Basi kaka yangu akawa amejiua. Kanisa halikumzika. Alifukiwa nyuma ya kahawa, mbali na makaburi ya baba zetu, bila wimbo, bila sala, huku mvua ikinyesha. Mwanawe Muriithi akaanza kuitwa mtoto wa yule wa tangi. Warigia hakulia mbele ya mtu. Alisema neno moja tu, akalirudia miezi sita: "Theuri hakutaka kufa." Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na shaka.

Mvua za masika zilichelewesha kazi ya rangi. Kisha fundi akapata kandarasi nyingine, ikawa Oktoba kabla hajarudi. Katika miezi hiyo niliona jambo moja, nikalidharau. Watu wa nyumbani kwa Hezekiah walikuwa wakiteka maji mtoni, mwendo wa nusu saa, huku bomba likipita mlangoni mwao. Tukasema labda amefunga kwa maombi. Ndiye aliyekuwa akiharakisha rangi kuliko mtu yeyote.

Kabla ya kupaka, ukuta ulipaswa kusuguliwa tena. Hakuna mtu wa kilima chetu aliyekubali kuingia, kwa hiyo kamati ikamwajiri Mbuvi, Mkamba aliyekuwa akichimba visima, mtu asiyejua habari za Theuri. Aliingia Jumatano saa nne asubuhi. Hakumaliza hata dakika kumi. Alitoka bila burashi, bila kofia, akaketi kwenye nyasi.

"Mama, mimi siingii hapo tena," alimwambia Warigia, aliyekuwa akipita na kuni. "Kuna mikono kwa ukuta. Mikono ya mtu. Inatembea."

"Inatembea namna gani?"

"Inatembea tu, inaenda kwa mlango. Mimi niko na watoto. Hiyo kazi yao wapatie mtu mwingine."

Warigia alitua kuni. Aliniita, akachukua taa, akaniambia nishike ngazi. Nilimsihi asiingie. Aliniangalia kama alivyokiangalia kibuyu changu siku ile.

Niliteremka nyuma yake, maana kubaki juu peke yangu kwenye ukungu kulinitisha zaidi. Baridi ya humo inaingia kwenye meno. Kila pumzi unayovuta unasikia ikivutwa tena upande wa pili, kana kwamba kuna mwingine anayekufuata kupumua. Ukuta wote ulikuwa umevaa ute wa kijani uliokolea hadi weusi, unene wa kidole. Warigia aliinua taa.

Hapo ndipo nilipoiona ile mikono. Kwenye ule ute kulikuwa na viganja. Havikuchorwa wala havikukwanguliwa. Ni mahali tu ambapo ute haukuota, saruji ikabaki nyeupe na safi, kila kidole kikionekana mpaka mistari yake. Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Na wa kushoto, kila mara, ulikuwa na vidole vinne.

Warigia alianza kuifuata.

Ilianzia chumba cha pili, kwenye chujio. Nusu ya wavu ilikuwa na manyoya ya ute, nusu ya pili safi kama ya jana. Theuri alikuwa amepitia hapo akielekea safari, akaipaka nta ili awaonyeshe kamati kabla ya rangi. Mikono yake ilikuwa imejaa nta na mafuta, na kila alipoushika ukuta aliuachia kidogo. Kutoka pale viganja vilipita kwenye ule upenyo, vikafuata ukuta kwa usawa wa kifua, jinsi mtu anavyopapasa gizani. Chini ya shimo vilipanda. Kifuani, begani, juu ya kichwa. Vya juu kabisa vilikuwa mahali ambapo hata mtu mrefu kuliko Theuri asingefika akiwa amesimama. Na kutoka kwenye hivyo vya juu mistari safi ilishuka, mirefu, mingi, mpaka usawa wa magoti. Ile nta iliyoutelezesha ute iliitelezesha na mikono yake.

Warigia aliweka kiganja chake juu ya kimoja. Kilimezwa chote.

"Mtu mwenye kutaka kufa haruki," alisema.

Ndipo nikalia. Nililia kwa aibu, kwa ile shaka yangu ya miezi sita.

Alinituma nilete ndoo na majivu ya kunawia ute. Nilikuwa nimeshuka hadi kwenye njia, karibu na mdomo wa bomba la kumwagia, ukungu umefunga hata sioni miguu yangu. Mara jina langu likatoka ardhini.

"Waceraaa."

Sauti nzito, ndefu, si ya mwanamke wala mwanamume. Ikaniita tena. Nilifungua kinywa nikemee, neno la kukemea likiwa tayari ulimini, nikasikia mwishoni mwake: "Leta na kitambaaa." Shetani hana haja ya kitambaa. Nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye bomba. Alikuwa ni wifi yangu, akiita kutoka ndani ya tangi, hatua sitini juu yangu.

Nilipanda kilima mbio. Nilipomweleza, tulitazamana. Hakuna aliyelitaja jina la Hezekiah, na wote wawili tulikuwa tukimsikia kanisani akisema, "Akanyamaza."

Fundi wa rangi alikuwa aje Jumamosi. Mkono mmoja wa rangi nyekundu, na Theuri angebaki nyuma ya kahawa milele. Mimi nilitaka tukamvamie Hezekiah nyumbani kwake nimtoe meno. Nilimchukia mpaka nikahisi uchungu kinywani. Warigia alikataa. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda kwake Alhamisi wakati wazee wenzake walikuwa wakinywa chai uani.

"Mzee, watu wanaogopa tangi," alimwambia kwa heshima zote. "Mbuvi amekimbia. Naomba uingie uombe mle ndani. Wewe ndiye umezoea kumkemea shetani wa hapo."

Kikombe cha Hezekiah kilisimama njiani. Wazee wenzake walisema ni jambo jema sana. Mtu wa kushuhudia kila Jumapili angekataaje?

Ijumaa asubuhi alikuja akiwa ameibeba ngazi mwenyewe. Warigia aliingia kwanza na taa. Mzee aliteremka kidato kwa kidato, mdomo ukicheza kwa maombi. Wazee wawili wa kamati walibaki juu nami, tumeinamia shimo.

Hatukuuona uso wake alipoviona viganja. Tulisikia maombi yakikatika. Kisha maji tu yakidondoka mahali fulani.

"Mhesabu vidole, mzee," Warigia alisema.

Akainua taa. "Mwangalie alivyoruka."

Akaishusha taa mbele ya uso wake. "Niko na swali moja tu. Ngazi ilitoka hapa na nani?"

Tangi lilirudisha neno lile, nani, nani, mpaka likaisha. Hezekiah aliketi kwenye kidato cha chini, na aliposema, sauti yake ilipanda kwetu kubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Niliikuta shimoni jioni, nikadhani imeachwa na fundi wa rangi. Nilijua ameisahau. Nikaitoa, nikafunga, nikafungulia koki ili watu wapate maji asubuhi. Nimefika kwa njia, nikaitwa." Alivuta pumzi. "Mama Muriithi, mimi sikujua ni mtu. Jumatatu ndiyo nilijua. Tangu Jumatatu ile ninajua."

Wazee wawili kando yangu walivua kofia.

Nilingoja Warigia ampige, au amlaani. Angekuwa na haki. Badala yake nikamsikia akisema, kwa sauti ileile ya kunirudishia kibuyu, "Basi Jumapili utashuhudia tena. Ile ile. Lakini yote."

Alishuhudia. Alisimama, mzee aliyekonda katika usiku mbili, akarudia tangu mwanzo: ukungu, njia, sauti kutoka ardhini. Alipofika kwenye "nikamkemea" alishindwa kuendelea. Tulimngoja. "Alikuwa Theuri," alisema mwishowe. "Alikuwa akiniomba ngazi." Hakuna aliyepiga makofi. Warigia alikaa wima, macho mbele, machozi yakishuka hadi kwenye kola ya gauni lake bila yeye kuyafuta.

Theuri alihamishwa, akazikwa kando ya baba yetu, kwa nyimbo, kwa sala, na jina lake lote likasomwa. Hezekiah alichimba kaburi kwa mikono yake na hakumruhusu mtu kumpokea jembe. Watu walitaka apelekwe polisi. Warigia alisema mume wake amekwisha kutoka shimoni, yeye hahitaji kumwingiza mwingine.

Rangi nyekundu ilirudi mjini na mikebe yake. Tangi lilikauka juma zima kwa majiko ya makaa, kisha sisi wanawake tukaingia na sufuria za nta na mafuta ya mbarika. Warigia alisimamia kila shubiri. Ukuta wa viganja aliuacha wa mwisho, akatutoa nje wote. Niliketi kwenye mdomo wa bomba nikimsikiliza. Hakulia wala hakuongea. Nilisikia viganja vikisugua saruji, taratibu, kwa muda mrefu sana. Alijua kwamba ute usiposhika popote, ile mikono nayo haitaonekana tena. Alipotoka, mikono yake ilikuwa myeupe kwa nta mpaka viwikoni, na hakutaka kuinawa hadi kesho yake.

Alilitunza tangi lile miaka kumi na tano, mpaka kifo chake mwaka 1988. Kila Oktoba nta ilipakwa upya. Kati ya mipako miwili ute ulikuja kama unavyokuja kila mahali. Alifungua maji kwa nguvu, ukaondoka.

Na kila Oktoba, jioni ya siku ya kusafisha, Hezekiah alikuja. Alikuwa ameshindwa na magoti, anatembea kwa fimbo, lakini ngazi aliibeba yeye: asubuhi alimteremsha Warigia nayo, akarudi nayo nyumbani, kama Warigia mwenyewe alivyotaka. Hakuja tangini moja kwa moja. Alisimama kwanza kwenye njia, penye ukungu, akainama mbele ya mdomo wa bomba, akauliza neno ambalo hakuliuliza siku ile.

"Ni nani?"

Na kutoka ardhini wifi yangu alimjibu, "Ni mimi, Warigia. Leta ngazi."